Mgeni apewe sentensi moja kwanza

"Kaka, hayo mimi nayafanya wodini kila wiki. Wanataka ushahidi gani tena?" Aliyeniuliza ni muuguzi kijana. Alikuwa ameandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili kwamba mgonjwa wa malaria kali huanzishiwa sindano ya artesunate, si dripu ya kwinini. Ni kweli tupu, ila hakuweka rejeo, yaani chanzo cha maelezo yake. Mhariri mmoja akaifuta na kumwachia viungo vya kurasa za kanuni.

Hapo tunakosea, na inaniuma. Anayeijua kazi akibisha hodi, asipokelewe kwa rundo la kanuni. Mpe sentensi moja aitafutie rejeo moja, nawe ukae naye.

Tukakaa. Kwanza alileta habari ya gazeti, tukaiweka kando. Kisha akaleta utafiti wenyewe, AQUAMAT, uliotoka katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 2010: watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, Muheza na Korogwe. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesunate 8.5. Alifurahi mno, Muheza anakujua. Ikanibidi nimweleze jambo linalowasumbua wageni wengi: jaribio moja, hata likiwa kubwa namna hii, halitoshi kubeba maelezo ya tiba, kwa sababu la pili laweza kulipinga. Tunatafuta mapitio yaliyokusanya majaribio yote na kuyapima, kama yale ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaofanya kazi hiyo, au mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Tena uwe mpya. Kwa malaria ya kawaida, Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001 ikashika dawa ya SP, na miaka michache baadaye ikahamia dawa mseto ya ALu. Kitabu kizuri cha mwaka 1998 kingempotosha mgonjwa wa leo.

Kuliweka rejeo lenyewe ni kazi ndogo. Unabofya hariri, unaweka kishale mwisho wa sentensi, unabofya kitufe cha rejeo, unabandika namba ya DOI au PMID, yaani namba ya utambulisho ya makala, na mengine kwa kawaida yanajijaza.

Kazi ni kusoma. Nilimwomba afungue mwongozo, asiishie kwenye kichwa chake. Aliposoma aya husika akanyamaza, kisha akasema sentensi yake ina pengo: sindano hutolewa kwa angalau saa 24, na mgonjwa akishaweza kumeza humalizia kwa dawa mseto ya siku 3. Wodini anajua hivyo, ila hakuwa ameandika. Msomaji wa nyumbani angedhani sindano inatosha. Akaiandika upya mwenyewe, mimi sikugusa kibodi.

Jana amenitumia nyingine, ya kifafa cha mimba na dawa yake, magnesiamu salfeti. Safari hii rejeo limo, ila ni jaribio moja, la mwaka 1995. Jumamosi tunakaa tena.