Dizeli au petroli: pikapu iliyotumika na trela la tani sita

Kwenye kijiwe chochote cha Waswahili wa Dallas, Columbus au Minneapolis, mtu akiuliza anunue pikapu gani iliyotumika kwa kazi ya kuvuta trela, anajibiwa kabla hajamaliza kuuliza: chukua dizeli. Akitaja petroli anachekwa. Wengi wetu tumekulia kwenye barabara za Fuso na Scania, ambako mzigo ni wa dizeli na petroli ni ya teksi. Tulipofika Marekani tukakuta wenyeji nao wanasema hivyo hivyo, basi mjadala ukafungwa bila kufunguliwa.

Kwa maoni yangu petroli inaonewa. Si kila mahali, na nitataja ni wapi haionewi. Ila mtu mwenye dola 20,000 hadi 30,000 mkononi, anayetafuta gari la miaka saba au kumi avutie trela la magari mawili au mashine ya shamba, ushauri wa kijiweni unamwingiza kwenye gharama ambazo aliyemshauri hatakuwepo siku ya kuzilipa.

Dizeli ipewe haki yake kwanza. Chukua Ford Super Duty ya 2015. Injini ya dizeli ya lita 6.7 inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya futi-paundi 860, tena ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Petroli ya lita 6.2 ya gari hilo hilo inatoa 405, na mpaka uikanyage ifike mizunguko 4,500. Panda na trela barabara ya I-70 kutoka Denver hadi handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kwa hiyo pale juu imebakiwa na theluthi mbili tu ya nguvu iliyokuwa nayo Houston. Dizeli ina tabo, hewa nyepesi haiisumbui kiasi hicho. Na kushuka upande wa pili ndiko kunakomaliza ubishi: breki ya eksozi inalishika gari na mzigo wake huku mguu wako umepumzika, wakati mwenye petroli anarudisha gia na kuomba breki zisiungue. Anayepita huko kila wiki na tani sita nyuma yake anunue dizeli.

Wengine wote waanze na leseni ndipo waje kwenye injini. Sheria inataka CDL, leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara, ya daraja A pale uzito wa juu ulioandikwa kwa gari na ule ulioandikwa kwa trela vikijumlishwa vinavuka paundi 26,000, na trela lenyewe likiwa limeandikwa zaidi ya 10,000. Kinachohesabiwa hapo ni namba zilizoandikwa kwenye vibati, hata kama umebeba hewa. Wenzetu wengi wanaoanza biashara ya kusafirisha magari hawana CDL, ndiyo maana wananunua pikapu ya matairi sita yenye 14,000 na trela lililoandikwa 12,000, ifike 26,000 kamili isizidi hata paundi moja. Sasa dizeli iliyoundwa kuvuta paundi 20,000 unaipeleka wapi, ikiwa sheria imekusimamisha kwenye 12,000? Ukitoa uzito wa trela lenyewe unabakiwa na nafasi ya magari mawili madogo. Pikapu ya petroli ya 6.2 yenye difu ya 4.30 (uwiano wa gia za difu; namba ikiwa kubwa, gari linavuta zaidi) inayavuta. Inayavuta kwa kelele, lakini inayavuta.

Hiyo kelele nayo imewaponza wengi. Petroli ikipanda kilima na mzigo, gia boksi inashuka gia mbili, sindano ya mizunguko inaruka hadi 4,500, na dereva aliyezoea dizeli anaachia mafuta akidhani injini inakufa. Haifi. Injini hizi zimeundwa zitoe nguvu huko huko juu, na ukiiachia mafuta ndipo inapoanza kusuasua. Anayeijaribu kwa dakika kumi kwa muuzaji hawezi kuligundua hilo. Anasikia mngurumo tu, anarudi kununua ile iliyonyamaza.

Kisha fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna stika inayosema abiria na mzigo kwa pamoja wasizidi paundi fulani, na ni wanunuzi wachache wanaoinama kuisoma. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya paundi, na F-250 nyingi, zile Super Duty za daraja la chini, zimewekewa kikomo cha paundi 10,000 kwa gari zima, kwa hiyo kila paundi iliyoongezwa kwenye injini imetolewa kwenye mzigo wako. Trela linalofungwa katikati ya bodi ya pikapu huiegemezea kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Trela la 12,000 kwa asilimia 20 linakukalia na paundi 2,400. F-250 ya dizeli ya milango minne, 4x4, viti vya ngozi na paa la kioo, si ajabu stika yake isome 2,100. Umeshazidisha, na wewe mwenyewe hujapanda. Ndugu yake wa petroli, mwenye viti vya kitambaa na bei ndogo, stika yake huwa na mia kadhaa zaidi. Ukiitaka dizeli kweli, panda daraja hadi F-350 ya Ford, au 3500 ya Ram na GM, na bei nayo itapanda.

Tuje kwenye mafuta, ambako kijiwe kinajiamini kuliko kote. Ni kweli dizeli inakwenda mbali zaidi kwa galoni: galoni yake ina nishati zaidi ya ile ya petroli kwa kama asilimia 13, na injini yenyewe inaitumia vizuri zaidi. Ila kodi ya serikali kuu ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli na 18.4 kwa petroli, na bei ya pampu imezoea kuwa juu. Juni 2022 dizeli ilivuka wastani wa dola 5.80 nchi nzima. Kwa hiyo tusihesabu maili kwa galoni, tuhesabu senti kwa maili.

Tuseme petroli ni dola 3.20 na dizeli 3.85, wewe weka za kituo cha kwenu. Tuseme ikiwa na mzigo pikapu ya petroli inakwenda maili 8 kwa galoni, ya dizeli maili 11. Petroli inakula senti 40 kwa maili, dizeli senti 35. Umeokoa senti tano. Kama uliongeza dola 8,000 ili upate dizeli yenye umri na maili sawa, basi uvute mzigo maili 160,000 ndipo hela yako irudi. Hizo ni safari za Houston hadi Los Angeles mia moja na ushee, trela likiwa limejaa kila safari.

Trela halijai kila safari. Pikapu ikiwa tupu, tuseme petroli inakwenda maili 13 na dizeli 16. Piga hesabu: senti 24.6 dhidi ya 24.1. Nusu senti. Na nusu senti hiyo inaliwa na DEF, ule mchanganyiko wa urea wenye tangi lake ambao dizeli za kisasa zinaupuliza kwenye eksozi kusafisha moshi, kisha inaliwa tena na oili, maana dizeli ya Ford ya 6.7 inachukua kwati 13 pale petroli ya 6.2 inapochukua 7. Kwa gari linalovuta mzigo wikiendi na kwenda kazini siku tano, akiba ya dizeli iko kwenye mazungumzo tu.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mtu atasema zile 8,000 hazijapotea, ukiuza utazikuta. Ni kweli, dizeli haishuki bei haraka, na sehemu ya fedha hiyo inarudi. Inarudi kama siku ya kuuza injini bado nzima na mnunuzi hana maswali. Tena anayekimbiza maili 100,000 kwa mwaka huku amebeba, ule mstari wa maili 160,000 anauvuka kabla mwaka wa pili haujaisha, na kwake kijiwe kiko sahihi kabisa. Mwenye maili 15,000 kwa mwaka atangoja zaidi ya miaka kumi, na gari alilinunua likiwa na maili 130,000 tayari.

Na hesabu yote hiyo inadhani hakuna kitu kilichoharibika.

Jina la dizeli la kudumu milele lilijengwa na injini za zamani, kama Cummins ya lita 5.9 ya vali 12 iliyofungwa kwenye pikapu za Dodge Ram, ambayo pampu yake ni chuma kitupu na haijui kompyuta. Zile zilizobaki nzima bei yake inatisha. Zinazopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida ni za namna nyingine. Ford za 6.0 za 2003 hadi 2007 zinajulikana kwa kuunguza gasketi za silinda hedi na kuziba kipozeo cha oili. Duramax, dizeli za GM, za 2001 hadi 2004 zilisumbua nozeli, na nozeli zenyewe zimefichwa chini ya mifuniko ya vali, kazi ya fundi ya siku nzima na zaidi. Kuanzia 2007 ikaja filta ya masizi kwenye eksozi, baadaye DEF. Filta hiyo inajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye safari ndefu, kwa hiyo ile dizeli “iliyotunzwa na mama mmoja wa mjini”, yenye maili chache za kupeleka watoto shule, huenda ndiyo mbaya kuliko zote. Mfumo wa DEF nao ukigoma, gari linakuonya, linajipunguza spidi, na ukilipuuza mwisho linakuachia mwendo wa kutambaa. Uko Nebraska, na gari la mteja liko nyuma.

Halafu pampu ya CP4, ile inayosukuma dizeli kwa presha kubwa, iliyofungwa kwenye Ford za 6.7 kuanzia 2011 na Duramax za 2011 hadi 2016. Ikisagika, vipande vya chuma vinasafiri na dizeli hadi kwenye nozeli, na unabadilisha mfumo wote wa mafuta. Bili yake mara nyingi inavuka dola 8,000, yaani ile ile tofauti uliyokuwa unangoja kuirudisha kwa maili 160,000. Ram waliijaribu kwenye magari ya 2019 na 2020, na 2021 wakayaita magari hayo wakarudisha pampu ya zamani, CP3. Sijui ushahidi gani mwingine kijiwe kinautaka.

Muuzaji mjanja atakwambia gari lake halina matatizo hayo kwa sababu “yale matakataka yalishatolewa”. Mwaka 2020 EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, ilikadiria kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa mifumo ya kuzuia moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Ni nyingi kiasi kwamba ukitembelea minada utakutana nayo. Kung'oa ni kosa chini ya sheria ya hewa safi, na katika majimbo yanayopima moshi, kama California, gari hilo halipiti. Kulirudisha lilivyotoka kiwandani ni maelfu ya dola. Aliyeling'oa alishafaidi, wewe umenunua deni lake.

Petroli si malaika. Ford za 5.4 za vali tatu zinavunja plagi ndani ya hedi unapozitoa. Ram za Hemi 6.4 huanza kugonga, na kugonga kwingine kunaishia kwenye kamshafti iliyolika. GM za 6.0 hukata boliti za manifodi ya eksozi, na hazina haraka kabisa mlimani. Tofauti ni kwamba hayo yote yanatengenezwa na fundi yeyote wa mtaani, spea ziko kila duka, na hiyo 6.0 imefungwa pia kwenye vani tele, kwa hiyo hata injini nzima ya skrepa haikusumbui kuipata. Ukinunua petroli, angalia difu kabla ya rangi: 4.10 au 4.30 ndiyo ya kuvuta, 3.73 muachie anayeenda kanisani. Na kama bajeti inafika, Ford ya 7.3 iliyoanza 2020 ina torki 475, inaziba sehemu kubwa ya pengo ambalo 6.2 iliacha.

Anayebaki na dizeli baada ya yote haya, na wapo wanaostahili kubaki nayo, aende kuiona asubuhi injini ikiwa baridi, na amwambie muuzaji mapema asiiwashe. Kwenye dizeli ya Ford ya 6.0 atazame kifuniko cha chupa ya maji ya rejeta: alama nyeupe zilizokauka kuzunguka shingo yake maana yake maji yanatapikwa, na gasketi iko njiani. Kwenye gari la CP4 amlipe fundi afungue filta ya dizeli na kuikung'uta juu ya kitambaa cheupe. Kikimetameta, aondoke. Muuzaji akikataa filta ifunguliwe, aondoke pia.