Kamera ya Kumeza na Choo cha Wapangaji Sita

Mimi kazi yangu ni kupaa samaki, pale Kirumba mwaloni, soko la samaki la Mwanza. Niletee sangara wa kilo kumi, nampasua, natoa utumbo, natenga bondo, kile kifuko chake cha hewa chenye bei, pembeni kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Sasa daktari ananiambia eti ili aone ndani ya tumbo langu mimi, inabidi nijiandae siku nzima na usiku wake. Nilimwangalia kama fundi anavyomwangalia fundi mwenzake anayechelewesha kazi.

Shida yangu ni damu, inapungua na haijulikani inakopotelea. Nilikutwa na saba. Wakaniingiza mpira wenye kamera, wa mdomoni, hawakuona kitu. Wakaniingiza na ule mwingine, wa njia ambayo siitaji mbele ya wakwe, nako kweupe. Kumbe katikati kuna utumbo mwembamba, mita kama 6, umejikunja humo kama wavu uliotupwa kwenye mtumbwi, na mipira yote miwili haiumalizi. Dawa yake ni kumeza kamera.

Kidonge chenyewe nimeonyeshwa. Urefu milimita 26, unene 11, sawa na kokwa ya tende iliyonenepa. Kina taa, kina betri, na kinapiga picha 2 kila sekunde kwa saa nane, kinazirusha kwenye kifaa utakachofungwa kiunoni kama pochi ya kondakta. Nimepiga hesabu usiku huu maana usingizi sina: picha 57,600. Harusi yangu ilipigwa 24, na katika 9 nimefumba macho. Utumbo umenizidi bahati.

Lakini sikuja kulalamikia kamera. Kamera haijanikosea. Aliyenikosea ni ile karatasi ya maandalizi.

Kwanza vidonge vya kuongeza damu, acha siku kadhaa kabla, vinatia weusi kwenye utumbo. Sawa. Usipake mafuta tumboni, na vinyweleo vya tumbo unyoe ili vibandiko vya kile kifaa vishike. Hapo ndipo Mama Kulwa alipoingia akanikuta na wembe nimefunua shati. Alisimama mlangoni, akaniangalia, akauliza taratibu, "Baba Kulwa, huyo anayekupima ni mwanamke?"

Halafu chakula. Tangu jana, hakuna kutafuna. Ni maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, na kinywaji chochote ambacho ukitia kidole unakiona, mradi kisiwe chekundu. Uji nilimuuliza nesi, akasema, "Hapana, baba." Maziwa? "Hapana, baba." Nikamwambia mimi ni Msukuma, asubuhi nimezoea michembe na chai. Akaniuliza michembe ni nini. Nilipomweleza kwamba ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Hapana, baba."

Na siku hiyo hiyo, kati ya siku zote za Mungu, jirani wa chumba cha tatu amekaanga sato. Huyu mtu mwezi mzima anakula dagaa. Nimeshika kikombe cha supu ya kuchuja, supu ambayo kuku alipita tu akasalimia, nasikia yule sato anavyolia kwenye mafuta. Doto akaja kuniambia, "Baba, wametia ndimu." Nani alikuuliza, wewe mtoto?

Saa kumi na mbili jioni ikaja dawa yenyewe. Unga unachanganywa kwenye maji, lita 2, unakunywa glasi moja moja. Ladha yake ni kama maji ya bahari yaliyotiwa limau ili yakudanganye. Glasi ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikaanza kujisifu, nikamwambia Mama Kulwa kuwa tumbo la mtu wa mwaloni si la kutishwa na unga. Glasi ya tatu tumbo likanguruma kama injini ya mtumbwi ikivutwa kamba asubuhi, na sikumalizia sentensi.

Sasa nyumba tunayopanga iko Igogo, juu kabisa, kwenye mawe. Wapangaji sita, choo kimoja. Ukifungua mlango wa choo chetu unaliona ziwa lote limelala pale chini, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, linang'aa. Na bomba ni kavu tangu juzi. Kijana wa kupandisha maji akaniambia dumu limepanda bei kwa sababu ya mlima. Mlima umeota lini? Nilimlipa, nilikuwa nimebana miguu, mtu aliyebana miguu habishani bei.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba kidonge hakirudishwi. Kinatoka chenyewe baada ya siku moja, mbili hivi, unakiaga. Mama Kulwa hajakubali. "Kitu cha bei hiyo? Tukioshe tu." Kule mwaloni nao wameshasema sasa nina bondo langu, nitembee kwa tahadhari. Daktari alisema kisipotoka huenda wakalazimika kukifuata, na mwenzangu Masanja ameshajitolea, kisu anacho. Mpaka kitoke nisisogelee ile mashine ya sumaku ya kupigia picha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Igogo hatunayo.

Hivi ninavyowaambia ni saa nane usiku, nimekalia ndoo nje ya mlango wa choo. Jirani wa sato yumo ndani. Naona mwanga wa simu chini ya mlango, anaangalia marudio ya mpira, na nimeshagonga mara tatu. "Mzee, dakika za nyongeza." Saa moja asubuhi niko kwa nesi.

Ngoja. Bomba linakohoa. Linakohoa kweli, linatema hewa, maji hayo! Milango inafunguliwa uwanja mzima, watu wamejifunga kanga, ndoo zinagongana. Na Mama Kulwa huyu hapa mbele yangu, kanyoosha mkono.

"Inuka, Baba Kulwa. Naitaka hiyo ndoo."