Saa ya kugeuka itajwe Saddle Hut, si juu ya ukingo

Kila masika zinazunguka video zilezile za Mlima Meru: ukungu, mvua ya ubavuni, wageni wanne wamejikunyata ndani ya poncho zinazopepea kama turubai la mama ntilie, na sauti ya kiongozi, "Twende, twende, tumekaribia!" Watu wanashangilia mashujaa. Mashujaa gani? Yule wa tatu anahangaika na zipu ya koti na vidole havishiki. Huyo ni wa kushushwa, si wa kupigiwa makofi.

Saa ya kugeuka, yaani kikomo ambacho kundi likikipita linarudi chini, inatakiwa itajwe jioni, kwenye chakula pale Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kila mtu akiwa mkavu na akili zake anazo. Ukisubiri mita 4,300, mvua imeshapenya hadi fulana, hakuna atakayesema basi. Mgeni amelipa na hataki kuonekana legelege, kiongozi anaiwaza tipu, msaidizi anamwogopa kiongozi. Wote wanatamani kurudi, na wote wanapanda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kutoka Saddle Hut, mita 3,570, hadi Rhino Point, kituo cha kwanza njiani, ni kama saa moja. Hadi kileleni, mita 4,566, saa nne au tano. Mmetoka saa 8 usiku, Rhino Point mmefika saa 9 na nusu. Mvua imeshawala nusu saa, na msijidanganye kwamba mtafidia mbele. Mbele ndiko kuna mwamba wa kushika kwa mikono, na ukilowa unateleza, kisha majivu, kisha ukingo mtupu wa kreta wenye upepo. Saa tano zinakuwa saba na nusu: kileleni saa 3 na nusu asubuhi, watu wamelowa tangu usiku. Na bado kurudi ni njia hiyohiyo, mwamba huohuo, na vilima vya kupanda tena. Meru hata kushuka kuna kupanda. Kwa hiyo sema mapema: tusipofika Rhino Point kwa saa moja na robo, au mmoja akilowa hadi nguo ya ndani, tunageuka. Hakuna kura.

(Askari wa hifadhi mwenye bunduki yupo kwa ajili ya nyati. Usimsukumie uamuzi wa mvua.)

Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo manyunyu ya kambini huko juu ni barafu. Jinzi na fulana ya pamba vibaki chini. Poncho nayo ibaki msituni: ukingoni inanasa upepo na inaficha miguu, mtu haoni anapokanyaga. Kava la begi linavuja mgongoni, hivyo nguo kavu na glavu za akiba zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

"Pole pole" tunaiimba kama dawa ya kila kitu. Kwenye mvua, pole pole ya kusimamasimama inawagandisha walio nyuma. Mwenye mwendo mdogo akae mara tu nyuma ya kiongozi, msaidizi awe wa mwisho, na watu wahesabiwe kila mnaposimama, wapagazi wakiwemo kama wapo. Pumziko dakika 3: koti la joto kwanza, kisha chai ya moto yenye sukari ya kutosha. Anayetetemeka, mwili wake bado unapigana. Wa kuogopa ni yule anayejikwaa, anajibu nusunusu, halafu anakwambia hasikii tena baridi. Mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mshuke kundi zima. Usimwache na mtu mmoja eti wengine wamalizie.

Radi ikifuata mwanga ndani ya sekunde 30, tokeni ukingoni. Hilo halina hata mjadala.

Haya, nakubali: kuna siku mvua inakatika alfajiri, na waliogeuka wanakiona kilele cheupe pee huku wakinywa uji. Inauma. Itauma siku mbili.

Lakini viongozi peke yao hawaliwezi hili. Kampuni ziiandike saa ya kugeuka kwenye barua ileile inayomwambia mgeni alete glavu, na kiongozi aliyegeuza kundi alipwe siku zake zote na apangiwe safari inayofuata. Sasa hivi anayegeuza anaitwa mwoga na anakalishwa benchi, halafu tunashangaa kwa nini wenzake wanapiga kelele "tumekaribia".