Waliopeleka kwa wakubwa zile namba za uongo za muda wa kusubiri walifanywa nini?

Hii ishu ya maveterani wa Marekani kila nikirudi kuisoma inaniuma upya, na kinachoniuma zaidi sio kwamba walicheleweshewa matibabu, ni vile walivyofutwa hata kwenye foleni yenyewe. Phoenix, Arizona, 2014. Mtu katumikia jeshi, anaumwa, anaenda kuomba apointimenti. Kwa alivyoeleza Dk. Sam Foote, daktari aliyefichua mambo ya pale kwenye hospitali ya maveterani, karani anajaza taarifa zako kwenye kompyuta, anaprinti ile skrini, halafu hasevu kitu. Jina lako linabaki kwenye karatasi. Kwenye mfumo hujawahi kuomba chochote, siku zako hazijaanza hata kuhesabiwa, mpaka nafasi ikikaribia ndo unaingizwa ionekane umesubiri kidogo tu.

Na karani hakuamka asubuhi akajitungia huo mchezo. Lengo la Wizara ya Masuala ya Maveterani, yenye hospitali hizo, lilikuwa mgonjwa apate apointimenti ndani ya siku 14, na lengo hilo likaunganishwa na tathmini za kazi na bonasi za mabosi, kwahiyo namba zikawa lazima zipendeze. Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo alipochukua sampuli ya watu 226 alikuta wastani wa kusubiri ni siku 115, wakati hospitali ilisharipoti 24, na kuna wengine kama 1,700 hivi hawakuwemo kabisa kwenye orodha rasmi. Watu 1,700!

Waziri Eric Shinseki akajiuzulu mwezi Mei. Mkurugenzi wa hospitali naye akafukuzwa mwishoni mwa mwaka, lakini angalieni alifukuzwa kwa lipi, maana kesi ilipofika kwa jaji kilichosimama hasa ni zawadi alizopokea bila kuzitaja, ila kwenye orodha zenyewe ushahidi dhidi yake haukutosha. Yaani lile jambo lililowaumiza wagonjwa ndo lililoshindwa kuthibitishwa. Hapo ndo naona tatizo lote lilipo.

2017 ikaja sheria mpya ya uwajibikaji, Trump akaisaini Juni, ya kurahisisha kufukuza watu. Wengi tulifurahi, mimi nikiwemo. Sasa waliofukuzwa wengi wakawa nani? Wafanyakazi wa chini. Dagaa wanavuliwa, papa wanaendelea kuogelea. Halafu 2021 mahakama ya rufaa ikasema wizara ilikuwa inatumia kiwango cha ushahidi kilicho chini kuliko kinachotakiwa kuamua kama mtu kakosa, na kufika 2023 wizara ikaacha kabisa kutumia kile kipengele cha sheria hiyo cha kufukuza haraka kuwaadhibu wafanyakazi. Haraka ya kufukuza bila kuandaa kesi vizuri haimsaidii mgonjwa hata kidogo, inampa mkosaji njia ya kurudi kazini na inamuumiza ambaye hana kosa.

Mimi ninachotaka ni kitu kimoja, kila ripoti ya muda wa kusubiri iwe na jina la bosi aliyeipitisha, na ikigundulika ni ya uongo aanze kujibu yeye kabla ya karani, na bonasi aliyoipata kwa namba hizo irudishwe. Hapo hata ushahidi hautahangaisha mtu, saini yake ipo.

Na wale wanaofichua walindwe kweli kweli. Ile sheria ilianzisha ofisi maalum ya kuwalinda lakini Mkaguzi Mkuu alipoichunguza, ripoti ya 2019 ikaonyesha imeshindwa kuwalinda hao hao iliyoundwa kwa ajili yao, mtu anajitolea kusema ukweli halafu anaachwa peke yake na bosi aliyemshtaki. Foote mwenyewe alikuja kuongea na waandishi wa habari akiwa ameshastaafu. Mimi namfikiria yule karani mwenye miaka 20 mbele yake kazini, ana watoto, ameshika ile karatasi iliyoprintiwa mkononi. Ampelekee nani?