Filta Ikiziba Imefanya Kazi Yake, Mbona Unaitupa?

Jumamosi nilipita kwenye kiwanja kimoja kidogo cha ndege kusini mwa Nairobi kumjulia hali mzee mmoja aliyejijengea ndege yake mwenyewe: bawa la juu, bati la alumini, injini ya Rotax 912 ULS. Kazi safi kweli, ribiti zimenyooka mstari mmoja kutoka puani hadi mkiani. Nilimkuta chini ya bawa, ameshika filta ya petroli. "Fundi, imeziba tena hii," akasema, akaitupa kwenye pipa la taka. Mpya ilikuwa mezani, bado ndani ya boksi lake. Alitaka awe hewani kabla upepo wa mchana haujaanza.

Nikaiokota pipani, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Kijana wangu, filta ni shilingi ngapi? Nitabadilisha hata kila wiki."

Namheshimu sana mzee yule. Mtu kukata bati, kulikunja na kulipiga ribiti mpaka likaruka si jambo dogo. Lakini kauli hiyo nimeisikia kwa wajenzi wengi, hata kwa mafundi wenye leseni, na kila nikiisikia damu inanichemka. Bei ya filta haihusiki hapa. Filta ikiziba mara ya pili inakuambia kwamba kabla yake, upande wa tangini, kuna kitu kinachobomoka: tangi, mpira wa kupitishia mafuta, koki, au dumu unalojazia. Kitu hicho hakiachi kubomoka kwa sababu umefunga filta mpya. Kubadilisha filta bila kujua imezibwa na nini ni kumpa mgonjwa wa malaria panadoli: homa inashuka, anakula, anaamka na kutembea, na vimelea vinaendelea na kazi.

Tena ugonjwa huu una hila mbaya. Injini ikiwa chini, unatembea kuelekea njia ya kurukia, hutumia mafuta kidogo sana, na filta iliyoziba nusu inayapitisha bila shida. Unapima injini kwa sekunde chache, inaitikia vizuri, kwa sababu kabureta ina akiba yake kwenye bakuli. Kisha unafungua moto wote. Rotax 912 ULS kwa nguvu zote hunywa karibu lita 27 kwa saa, na inazidai wakati pua iko juu, mwendo mdogo, mbele yako miti na mabati ya watu. Bakuli linapungua, filta haiwezi kulijaza kwa kasi inayotakiwa, injini inaanza kukohoa. Ukipunguza moto inatulia, na rubani anadhani amepona. Akiongeza, inakohoa tena. Akifanikiwa kurudi chini na kuzima, mafuta yanajipenyeza taratibu, bakuli linajaa, na fundi akija kuiwasha inanguruma kama kawaida. "Sijaona shida," anasema. Ndiyo maana lazima uwe na geji ya presha ya mafuta iliyofungwa baada ya filta, karibu na kabureta, na uitazame wakati wa kupanda. Kwa Rotax hii presha inatakiwa iwe kati ya 0.15 na 0.4 bar. Ikianza kuteremka kila unapopanda, hata kama injini bado inaimba, ndege hiyo haitakiwi kuruka tena siku hiyo.

Basi tukaikata ile filta. Usikate kwa msumeno wa chuma. Utaijaza vumbi la bati lako mwenyewe na hutajua lipi lilitoka ndani ya tangi. Tulitumia kile kikata-paipu cha gurudumu, taratibu, ukizungusha kidogo kidogo. Kabla ya hapo tulimwaga yaliyokuwa ndani kinyumenyume, kupitia mdomo wa kuingilia, kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa. Petroli ikakauka, ikaacha uchafu wake. Hapo ndipo kazi ilipo, na inahitaji jua, kioo cha kukuzia na subira.

Sumaku kwanza. Haikuvuta chochote, kwa hiyo si chembe za chuma. Kulikuwa na chembe mbili tatu zinazong'aa: alumini, mabaki ya kutoboa matundu wakati wa kujenga, na hizo kwa ndege changa sitazipigia kelele. Lakini nyingi zilikuwa chembe za kijivu, na ukizibana kwa ukucha hazivunjiki, zinabonyea na kurudi. Hiyo ni gundi ya kuzibia tangi. Na kati yake kulikuwa na vipande vyeusi vyembamba, vimepinda kama kucha iliyokatwa. Hivyo ni mpira. Mtu alisukuma mpira wa mafuta kwa nguvu kwenye nozeli yenye ncha kali, ncha ikachonga utando wa ndani, na kila mtikisiko wa injini unakata kipande kingine.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema gundi ile aliichanganya jioni moja ya baridi, amechoka, akakadiria kwa macho. Gundi hizi za sehemu mbili huchanganywa kumi kwa moja kwa uzito, kwa mizani, si kwa kijiti. Ukikosea kipimo haikomai, inabaki laini, na petroli inaitafuna. Na hata ukipima sawasawa, ukiipaka kwenye bati ambalo hukulikwaruza na kulifuta mafuta ya vidole vyako, itakomaa vizuri halafu ibanduke yote kama ngozi. Filta yake ilikuwa imelisema hilo tangu ilipoziba mara ya kwanza. Hakuna aliyeifungua kuisikiliza.

Hakuruka siku ile. Sasa anafungua tangi la kulia, na mipira yote inabadilishwa. Sisemi haya kumwaibisha. Amenipa ruhusa niyaandike bila jina. Nayasema kwa sababu siti ya kulia ya ndege ile huwa anakaa mjukuu wake.

Kila uchafu una kwao, na ukishauona kwa macho njia ya kurudi nyuma si ndefu. Sumaku ikivuta, angalia dumu la bati na mapipa unakonunulia. Nyuzi nyeupe zinazonyooka ukizivuta ni ule utepe wa mafundi bomba, ambao haukutakiwa hata kuingia kwenye hanga lako. Nyuzi za pamba zinatoka kwenye vitambaa vya kufutia. Ute unaonata kama asali kwenye ndege ya faiba maana yake umeweka petroli yenye ethanoli, yaani pombe, na tangi lako linayeyuka. Hapo usitafute filta, tafuta mtu wa kukusaidia kulitoa tangi. Na maganda mepesi yanayobanduka bapa ni ile rangi ya kuzungushia ndani ya tangi kuziba matundu madogo. Wajenzi wa zamani waliimwaga kwa moyo mkunjufu, ikaja kubanduka miaka baadaye, hasa penye mafuta yenye pombe, mpaka kampuni ya Van's Aircraft ikawaonya wajenzi wa ndege zake za RV waache kabisa kuitumia.

Kuna kundi jingine, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote: wanaotoa filta. Inaziba, inasumbua, basi wanafunga paipu moja kwa moja. Uchafu ukikosa filta unaendelea mbele hadi kwenye vile vichujio vidogo ambavyo wengi hawajui kama vipo, vile vya wavu kwenye mlango wa kabureta za injini za Lycoming au kwenye mlango wa kifaa cha sindano za mafuta. Hivyo ni vidogo kama kifuniko cha kalamu. Vikiziba huna pa kukimbilia. Na ukisikia mtu ana ndege iliyopata shida ya mafuta akabadilisha filta na pampu na koki bila kupona, muulize kama amewahi kufungua hapo.

Nakubali kwamba si kila injini inayokohoa ina filta iliyoziba. Huku kwetu, kiwanja kikiwa futi elfu tano na zaidi juu ya bahari na jua la adhuhuri likipiga kifuniko cha injini, petroli ya magari inaweza kuchemka ndani ya paipu na kutoa mvuke, na mvuke hausukumiki kama mafuta. Nakubali pia kwamba nyigu wa udongo wanaweza kuziba tundu la kupumulia tangi kwa muda mfupi; hapo dalili ni ileile, ila ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikivutwa kwa nguvu na injini inapona. Lakini kisingizio cha mvuke kimefunika filta nyingi mbovu. Watu husema, "Ni joto tu, ukiwasha pampu ya umeme inakaa sawa." Filta ikiwa imefungwa kabla ya pampu na imeanza kuziba, pampu inanyonya kwa nguvu, presha inashuka kati ya filta na pampu, na petroli iliyo kwenye presha ndogo huchemka upesi zaidi. Yaani kuziba ndiko kunakouzaa mvuke. Ukiwasha pampu ya pili unanunua dakika chache, na unajinyima habari uliyoihitaji.

Na filta yenyewe si mtakatifu. Tarehe 13 Aprili 2010, Airbus A330 ya Cathay Pacific, safari namba 780 kutoka Surabaya kwenda Hong Kong, ilikuwa na watu 322 ndani. Mafuta iliyojaziwa Surabaya yalikuwa na vipira vidogo mno vya plastiki, na hivyo vikakwamisha vali za kupimia mafuta kwenye injini zote mbili. Injini moja ikabaki karibu nguvu ya chini kabisa, nyingine ikagoma kushuka kutoka asilimia 70 hivi. Marubani waliitua kwa mwendo wa kutisha, zaidi ya noti 200, yaani kilomita 370 kwa saa, na hakuna aliyekufa. Vipira vile vilitoka wapi? Kwenye filta za kujazia mafuta uwanjani. Zilikuwa na dawa ya kunyonya maji, maji ya chumvi yakaingia kwenye mfumo wa uwanja, filta zikaharibika na kumwaga dawa yake kwenye mafuta zilizotakiwa kuyasafisha. Hilo lilijulikana kwa sababu wachunguzi waliokota chembe zile, wakazipeleka maabara, wakafuata nyayo zake hadi mwanzo. Hakuna aliyesema badilisha vali uondoke.

Mtu wa ndege ya kiwandani ana wahandisi nyuma yake waliopima mfumo huo kabla yeye hajazaliwa. Aliyejenga mwenyewe hana. Yeye ndiye kiwanda. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege, iliposoma ajali 224 za ndege za kujengea nyumbani zilizotokea mwaka 2011, iliona injini kupoteza nguvu iko juu kabisa kwenye orodha, pamoja na rubani kushindwa kuidhibiti ndege. Katika ripoti yake ya 2012 ikapendekeza kwamba kila mjenzi afanye jaribio rasmi la mfumo wa mafuta na matokeo yawasilishwe kabla ya kupewa cheti. Zaidi ya nusu ya ndege zile zilizoanguka zilikuwa zimenunuliwa mkononi mwa mtu mwingine. Anayenunua hivyo anarithi kila uamuzi wa mjenzi. Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko Monterey Bay, California, kwenye ndege ya kujengea nyumbani aina ya Long-EZ aliyoinunua muda mfupi kabla, ambayo koki ya kuchagulia tangi ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, si pale mchoro ulipoielekeza.

Jaribio lenyewe halihitaji mashine. Kanuni za Marekani za ndege ndogo za kiwandani zilidai kwa miaka mingi kwamba mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya mafuta ambayo injini inahitaji wakati wa kuruka, na ule wa mteremko bila pampu utoe asilimia 150. Kwa 912 ULS hiyo ni karibu lita 34 kwa saa ukitumia pampu, au lita 40 na nusu kwa mteremko. Weka zimamoto karibu, unganisha ndege na ardhi kwa waya kuzuia cheche, inua pua iwe mwinuko mkali kuliko ule utakaopandia angani, bakisha mafuta kidogo tu tangini, fungua paipu mlangoni mwa kabureta na uyaache yatiririke ndani ya kopo lenye alama huku mtu ameshika saa. Mfumo wa pampu ukitoa chini ya mililita 560 kwa dakika, au wa mteremko chini ya 675, kuna kizuizi na lazima kipatikane. Rudia kwa kila tangi peke yake. Rudia kila unapogusa paipu, koki au filta. Andika kipimo na tarehe kwenye kitabu cha ndege, na filta uliyoikata ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na uchafu wake, ili mwaka ujao uweze kulinganisha. Na wewe unayenunua ndege aliyoijenga mwingine, dai kuiona karatasi ya kipimo hicho. Kama haipo, pima mwenyewe ukiwa bado hujalipa.