Orodha za Albamu Bora za Mwaka: Tatizo Liko Kwenye Namba

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, wapenzi wa muziki huanza kubadilishana orodha za albamu walizozipenda zaidi katika miezi hiyo 12. Wapo wanaotaja tano na wapo wanaotaja hamsini. Wapo wanaozipanga kwa namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na wapo wanaoziweka pamoja bila kuipandisha hii wala kuishusha ile. Mabishano huanza papo hapo, na mengi hayahusu albamu ipi imeishinda ipi bali yanahusu kama kazi yenyewe ina maana. Upande mmoja unashikilia kwamba hakuna njia bora ya kuupata muziki ambao mtu asingeufikia peke yake. Upande wa pili unadai kwamba zoezi hili limegeuza usikilizaji kuwa mashindano, na kwamba anayesikiliza huku akiwaza orodha hasikilizi tena. Mimi nasimama na wanaoorodhesha, ila natofautiana nao katika jambo ambalo wengi wao huliona kuwa ndicho kiini cha zoezi zima, yaani zile namba.

Hoja yenye uzito zaidi ya kuzitetea orodha hizi inahusu albamu yenyewe kama umbo la sanaa. Tangu kampuni ya Columbia ilipoleta santuri ya LP mwaka 1948, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, wasanii walipata nafasi ya kuzipanga nyimbo kwa mfululizo, wakaweza kuamua wimbo upi ufungue, upi umtulize msikilizaji baada ya purukushani, na upi ubaki masikioni upande wa pili unapokwisha. Leo soko halipimi tena mfululizo huo. Desemba 2014, jarida la Billboard la Marekani lilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni katika chati yake kuu ya albamu kwa kanuni kwamba nyimbo za albamu zikipigwa mara 1,500, hiyo ni sawa na albamu moja iliyouzwa. Kanuni hiyo haikujali kama mara hizo 1,500 zimegawanyika kwa nyimbo zote au zimetoka kwa wimbo mmoja uliorudiwa na umati wa watu wasiojua hata jina la wimbo unaoufuata. Katika Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, wimbo ukishapigwa kwa sekunde 30 unahesabiwa kuwa umesikilizwa.

Katika mazingira hayo, shabiki anayesema kwamba albamu fulani ilimshika kutoka mwanzo hadi mwisho anatoa ushahidi ambao mitambo haiutoi. Wasanii nao wanalitambua hilo. Novemba 2021, Adele alipotoa albamu yake mpya, aliomba kitufe cha kuchanganya nyimbo kiondolewe kama chaguo la kwanza kwenye kurasa za albamu, kwa maelezo kwamba wasanii huzipanga nyimbo zao kwa kufikiri, na Spotify ikakubali. Orodha ya mwisho wa mwaka inaliuliza kila mtu swali lilelile: ni kazi gani uliisikiliza nzima, ukairudia nzima? Sioni mahali pengine ambapo swali hilo bado linaulizwa kwa watu wengi kiasi hicho.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya kufuata mkumbo. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wengi wetu tungependa kuamini kwamba ndivyo ilivyo katika muziki. Mwaka 2006, watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililoutikisa msemo huo. Waliwapa watu 14,341 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaacha wazisikilize, wazipe alama na kuzipakua. Kundi moja halikuona wengine wamepakua nini. Waliosalia waligawanywa katika makundi manane, na ndani ya kila kundi mtu aliweza kuona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi na wenzake wa kundi hilo. Kila kundi kati ya hayo manane lilijitengenezea vinara wake. Wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 26 pale ambapo watu walichagua bila kuonana ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Nyimbo zilizokuwa bora kabisa hazikuanguka vibaya mara nyingi, na zilizokuwa dhaifu kabisa hazikupanda sana. Lakini kwa zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, hatima ilitegemea kwa kiasi kikubwa nani alitangulia kuchagua nini.

Mtu aliyeusoma utafiti huo hawezi tena kuitazama orodha ya pamoja kwa macho yale yale. Mashabiki wanaosoma orodha za wenzao kabla ya kuandika za kwao wako katika hali ya yale makundi manane. Albamu iliyotajwa mapema na watu watatu wenye sauti inasikilizwa na kumi, na kati ya hao kumi saba wanaitaja. Albamu ambayo haikumpata mtu wa kwanza inabaki ilipo. Simtuhumu yeyote kwamba anadanganya, kwa sababu kila mmoja anasema kweli kuhusu alichokisikia. Kilichoamuliwa na wengine ni kile kilichomfikia.

Tatizo la pili ni kalenda. Albamu iliyotoka Januari ina karibu mwaka mzima wa kumwingia msikilizaji, ilhali ya Desemba ina siku chache tu, na mara nyingi orodha huwa zimeshatoka. Beyoncé alitoa albamu yake ya tano tarehe 13 Desemba 2013 bila kutangaza, wakati magazeti mengi yameshafunga hesabu. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Desemba, mwanamuziki wa Marekani D'Angelo alitoa Black Messiah, albamu yake ya kwanza tangu mwaka 2000, na ikayakuta mambo yaleyale. Iliokolewa na Pazz & Jop, kura ya wachambuzi wa muziki ya gazeti la Village Voice la New York, iliyotangaza matokeo yake mwaka ulipokwisha, na ambayo iliiweka ya kwanza kwa 2014. Wapo pia wasanii ambao hata mwaka mzima usingewatosha. Nick Drake wa Uingereza alitoa albamu tatu kati ya 1969 na 1972, zikauzwa kidogo mno, akafariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26. Leo ni miongoni mwa wanaotajwa kwa heshima kubwa, lakini ni vigumu kufikiri kura ya mashabiki wa wakati wake ambayo ingembeba.

Hata hivyo kikomo cha mwaka mmoja kina faida ambayo wapinzani huisahau. Mwaka 1976, mtangazaji John Peel wa BBC alianza kuwaomba wasikilizaji wake wapigie kura nyimbo wanazozipenda kuliko zote, ziwe za mwaka wowote. Miaka ilivyopita, nyimbo kubwa zilezile ziliendelea kurudi juu, maana ya kale ni dhahabu na hakuna jipya linaloweza kushindana na wimbo ambao watu wameukumbatia tangu ujana wao. Mwaka 1982 ikaanzishwa orodha ya nyimbo za mwaka huo pekee, na nafasi ikafunguka kwa bendi changa. Kwa hiyo kikomo hiki kinawanyima haki wa Desemba na wanaochelewa kueleweka, lakini kinawapa wasanii wapya uwanja ambao wakongwe hawawezi kuukalia wote.

Hapo ndipo tunafika kwenye namba, na naomba nilieleze jambo hili kwa utulivu kwa sababu hapa ndipo uharibifu mkubwa hufanyika bila mtu kukusudia. Tuseme mashabiki 10 wanaandika kila mmoja albamu 10, na orodha zao zinajumlishwa kwa njia iliyozoeleka: ya kwanza inapata alama 10, ya pili 9, hadi ya kumi inayopata 1. Mashabiki wawili wanaiweka albamu fulani ya kwanza kabisa, kwa kuwa imewabadilishia mwaka wao, lakini wengine wanane hawajaisikia. Alama zake ni 20. Albamu nyingine inawekwa ya saba na watu sita, ambao waliiona nzuri, haina kasoro, wala haikuwasumbua. Alama zake ni 24. Matokeo yakitangazwa, hiyo ya pili imeshinda, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyesema kwamba ndiyo aliyoipenda zaidi.

Pazz & Jop ilijaribu kulikabili tatizo hili. Kila mpiga kura alipewa alama 100 azigawe kwa albamu 10, akiruhusiwa kuipa albamu moja hadi alama 30 na asiipe yoyote chini ya 5. Kwa utaratibu huo, wale wawili wa mfano wetu wangeweza kuipa albamu yao alama 60 kwa jumla, na wale sita, wakiipa yao alama 5 au 6 kila mmoja, wasingezidi 36. Kura ni zilezile na masikio ni yaleyale, ila mshindi amebadilika kwa sababu hesabu imebadilika. Mtu akishaliona hilo, atapata taabu kuamini kwamba nafasi ya tatu au ya tisa inatuambia lolote la kudumu kuhusu muziki wenyewe.

Watetezi wa namba watajibu kwamba kupanga kunamlazimisha mtu kuamua, na kwamba anayesema zote ni nzuri hajasema kitu. Jibu hilo nalikubali kwa nusu. Kikomo kinalazimisha uamuzi, kwa hiyo mtu aambiwe achague 10 na asizidishe. Lakini akishazichagua, kuiweka moja juu ya nyingine hakumwongezei msomaji maarifa. Kinachomwongezea maarifa ni sababu. Shabiki anayeandika kwamba wimbo wa nne aliuruka kwa wiki nzima hadi siku moja akausikiliza kwa spika za masikioni, akagundua kwamba besi inatangulia ngoma kwa nukta ndogo na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkera na ndiyo sasa inayomvuta, ameniambia nisikilize nini na nivumilie wapi. Mwingine anayeandika «namba 1, hakuna mjadala» hajanipa chochote, hata kama albamu aliyoitaja ni ileile.

Jambo hili linazidi kuwa na uzito kwa sababu namba sasa tunaletewa bila kuziomba. Tangu 2016 Spotify imekuwa ikiwapa wateja wake muhtasari wa mwaka uitwao Wrapped, na majukwaa mengine yamefuata, kiasi kwamba mtu anaweza kuamka na kukuta orodha yake imeshaandikwa na kompyuta. Wapo wanaosema huu ndio ukweli mtupu, kwa kuwa hauna majivuno; unaonyesha ulichosikiliza, hauonyeshi unachotaka watu waamini kwamba ulisikiliza. Ni kweli kwamba orodha za mashabiki huwa na chembe ya kujionyesha. Lakini wingi wa kurudia na kina cha kupenda ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2015 mwanamuziki wa Marekani Sufjan Stevens alitoa Carrie & Lowell, albamu iliyotokana na kufiwa na mama yake. Mtu anaweza kuisikiliza mara mbili tu kwa mwaka kwa sababu hana nguvu ya mara ya tatu, na bado ikawa ndiyo albamu iliyomfanyia kitu ambacho hakuna nyingine iliyomfanyia. Kaunta ya kompyuta itaizika chini ya muziki aliouacha ukicheza akiwa kazini.

Kwa hiyo ningependa kuona mashabiki wakiandika orodha fupi kabla ya kusoma za wenzao, bila namba, kila albamu ikiwa na sentensi mbili au tatu za sababu, na angalau moja ikiwa ya mwaka uliopita au wa nyuma zaidi ambayo wameifikia kwa kuchelewa. Anayejumlisha orodha hizo, kama ni lazima zijumlishwe, aweke pembeni ya zile zilizotajwa na wengi zile zilizotajwa na mtu mmoja tu pamoja na maelezo yake kamili, kwa maana huko ndiko kuna albamu ambazo msomaji hawezi kuzipata mahali pengine popote.