Mwalimu wa msingi na somo lake la pili: Kiingereza au hesabu?

Binti wa jamaa yetu mmoja, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na sasa anasomea ualimu wa shule ya msingi Marekani, ametakiwa na chuo chake achague somo la pili. Wao huliita maina: kozi tano hadi saba hivi kando ya somo kuu, yaani krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 15 hadi 21 kati ya 120 za shahada. Wajomba wote wamepiga simu, na wote wana jibu moja: achukue ufundishaji wa Kiingereza kwa watoto wa wageni. Yeye anapenda hesabu, ila mbele ya wajomba hasemi.

Hoja ya wajomba ina uzito. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu watoto wenye asili ya China huko San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa. Tangu hapo shule haiwezi kumkalisha mtoto wa namna hiyo darasani tu na kudai kwamba amepewa elimu sawa na wenzake, kwa hiyo mwalimu mwenye ujuzi huo ana soko. Tena binti huyu anajua mwenyewe ilivyo kukaa siku nzima dawatini ukiambulia neno moja moja.

Lakini somo la pili ni la chuo, leseni ya kufundisha ni ya jimbo. Unaweza kumaliza krediti zako zote na bado jimbo likakudai mtihani wake au mazoezi zaidi kabla ya kukuandikia kwenye leseni kwamba umeruhusiwa kufundisha watoto hao. Na majimbo mengi humruhusu mwalimu kuongeza ruhusa hiyo baadaye, akiwa tayari kazini na mshahara anapokea. (Elimu maalumu, ambayo shangazi mmoja aliitaja, kwa kawaida ina leseni yake, na maina peke yake haifiki huko.)

Hesabu je? Mtafiti Liping Ma, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1999, alichambua majibu ya walimu 23 wa msingi wa Marekani walioulizwa swali hili: 1¾ gawanya kwa ½, kisha tunga hadithi inayolingana nalo. Aliyepata hadithi sahihi ni mmoja tu. Wengi waligawa kitu kwa watu wawili, na huko ni kugawanya kwa 2. Hadithi yenyewe ingeweza kuwa ya fundi cherehani: kitambaa cha mita 1¾ kinatoa vipande vingapi vya nusu mita? Vitatu na nusu. Walimu hao hawakuwa wavivu, ila hawakuwahi kufundishwa hesabu za watoto kwa kina.

Texas ililiona tatizo hilo mapema, ikalitibu kwa shoka. Mwaka 1987 ilizuia vyuo kutoa shahada ya ualimu kama somo kuu na kozi za ualimu zikawekewa kikomo cha krediti 18, ili mwalimu asomee kwanza kitu cha kufundisha. Mwaka 2019 sheria nyingine ikairudisha shahada hiyo.

Mimi niko upande wa binti, kwa sharti moja. Maina ya hesabu katika vyuo vingi ni kalkulasi na aljebra ya juu, safari ndefu inayompeleka mbali na mtoto wa darasa la tatu. Vyuo vingine vina maina ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya walimu wa msingi, na hiyo ndiyo ninayoitetea. Kiingereza atakiongeza akiwa kazini. Nimemwambia amwombe mshauri wake majina ya kozi zenyewe, moja baada ya nyingine, kabla hajasaini. Kama humo hamna hesabu za sehemu (kama ile ya ½) wala jiometri ya watoto, basi wajomba wameshinda.